Kipimo cha Kwato

Walimleta Lugwisha kutoka Kayenze juu ya mlango,
mlango wa nyumba yake, komeo bado linaning'inia.
Ngozi nzima. Ila chini ya mbavu, kushoto,
hilali moja ya buluu, nyembamba, kama mwezi mwandamo.

Polisi walikuwa na jibu lao:
mdogo wake, Sayi. Ugomvi wa majaruba. Rungu.
Nilipompasua, bandama lilikuwa vipande viwili,
damu imetulia tumboni, tone halikutoka nje.

Rungu halichori mwezi.

Nikaenda na rula.
Punda alisimama ufukweni, madumu manne mgongoni,
tangu jana hakuna aliyekumbuka kumtua.
Akashikwa. Nikainua mguu wa nyuma:
sentimita tisa, ukingo wa ndani umemeguka,
na pengo lile nilishalipima,
asubuhi, kwenye ngozi ya mtu.

Watoto wakacheka: "Ndiyo asante ya punda!"
Nyanzala, mjane, akasema bila kuinua uso,
"Alikuwa anamkaza kamba juu ya kidonda."

Nikakitazama. Upana wa kiganja, inzi, weupe wa mfupa.
Fomu yangu haina mstari wa hilo.
Nikakata kamba. Madumu yakaanguka, moja, jingine,
maji yakatafuta njia ya kurudi ziwani.
Punda hakuondoka.

Niliandika: *teke la mnyama*. Sahihi, muhuri.
Ijumaa Sayi akaachiwa.
Alipita ofisini kuniambia asante,
begani ana kamba mpya.