Sampuli Iliyofungwa

Gramu mbili na nusu, maji yatokotayo, dakika sita.
Sipunguzi dakika kwa kuwa meneja wa kiwanda ni rafiki,
siongezi kwa kuwa asubuhi nimegombana nyumbani.
Nanyonya kwa kelele, natema, nasogea kikombe cha pili.
Ndiyo kazi yangu hapa Shimanzi, mwaka wa kumi na moja,
juu ya maghala, vumbi la chai kwenye kope.

Jumamosi Mbarak akaja na kompyuta,
mtoto wa kaka yangu, fundi wa programu kule Tudor,
akaifungua kati ya vikombe kama afunuaye sinia la harusi.
Mstari wa kijani. Wapanda, wapanda,
haujikwai hata kidole.
"Shangazi, mashine hii yanunua na kuuza hisa yenyewe.
Miaka kumi, asilimia arobaini na moja kwa mwaka.
Baba ashakubali kuuza kiwanja cha Mtwapa."

Nikafuta midomo.
Wasema chema chajiuza;
mbona hiki kimejitembeza ngazi tatu hadi kwangu?

"Kanuni hizi umezibadilisha mara ngapi
kabla mstari haujanyooka?"
Akahesabu kwa vidole, akaviacha vidole, akafungua faili.
Mia tatu na kumi na mbili.

Ai! Vikombe mia tatu na kumi na viwili
umeonja peke yako, ukamwaga,
ukaniletea kimoja nikiandikie cheti cha shamba zima.

Nikachukua daftari la kasoro.
Mashine yanunua kwa bei ya kufunga soko
kabla soko halijafungwa: imejuaje, ina jini?
Ada ya dalali haimo; biashara tisa kwa wiki,
na dalali, maskini, afanya kwa thawabu.
Ya tatu ilinikawiza. Nilisoma majina ya kampuni
moja moja, kama nisomavyo alama za magunia,
nikaona zote zi hai.
"Zilizofilisika ziko wapi?"
"Hazimo kwenye orodha ya leo."
Basi umepima afya ya mji kwa kuwauliza walioko sokoni,
makaburini hukupita.

Alinuna. Hata chai hakunywa.

Ghalani kila fungu lina sampuli ya akiba,
kopo limepigwa lakiri, haliguswi mpaka pazuke ugomvi.
Miaka mitatu ya bei, ambayo mashine haijaionja,
tukaitia kwenye flashi, flashi kwenye kopo,
kopo nikalifungia kabatini.
"Sasa andika: hasara gani itakusimamisha?
Kwa wino, leo, ungali na akili zako."
Akaandika: kumi na tano kwa mia. Sahihi. Tarehe.

Wiki tano. Alirudi amekonda,
na ile arobaini na moja imekonda zaidi yake:
kumi na tatu.
Tukavunja lakiri.

Sita na nusu. Na mwaka wa pili
shimo la ishirini na mbili, limeupita wino wake mwenyewe.
Hati ya hazina ingemlipa zaidi naye amelala.

"Nikirekebisha kidogo tu, shangazi, tuionje tena?"
Nikamwonyesha vipande vya lakiri mezani.
Sikusema neno.

Sikusema, pia, habari za fungu 2214,
mwaka ule wa mvua, meneja akilia kwenye simu,
nami nikalionja mara nne
mpaka ulimi ukakubali.
Ulimi ukibembelezwa hukubali.
Magunia yalirudi kutoka ng'ambo baada ya miezi miwili
na barua fupi, ya adabu. Ninayo bado,
chini ya makopo, kwenye kabati lile lile.

Kiwanja cha Mtwapa kingali na mihogo yake.
Mbarak aliomba daftari tupu, nikampa.
Alichomoa kalamu sikioni mwangu bila ruhusa,
akaandika tarehe, kisha, juu kabisa,
kwa tarakimu kubwa:
313.