Mwenye Ufunguo

Kila Jumanne ya pili ya mwezi nafungua chumba cha chini,
maktaba ya Duluth, theluji imepanda hadi kimo cha dirisha
na magurudumu ya magari yanapita juu ya vichwa vyetu.
Mimi si mwanachama. Hilo lieleweke mapema.
Kazi yangu ni ufunguo, birika la kahawa,
na kusema "saa tatu" inapofika saa tatu.

Huvua viatu mlangoni, kwa ajili ya zulia,
na kuvipanga viwili viwili kwa adabu
ambayo nikiwaambia inafanana na ya nyumba ya ibada
watanijadili mpaka machweo ya kesho.

Verna Kowalczyk, miaka thelathini na minne ubaoni na hesabu zake,
hapokei neno "bahati" bila ushahidi.
Dwayne Hokanson alikuwa mchungaji; imani ilimtoka,
sauti ikabaki: hata akiomba sukari
unataka kusimama.
Kijana Caleb huegesha gari kule benki,
mama yake asije akaliona.
Na Toivo Rautio, kona ya bomba la joto,
soksi zimetoboka, anayeuliza kila hoja inapoiva,
"Sawa. Kwa hiyo kesho tufanye nini?"

Mwezi wa kumi na moja walibishana juu ya pochi:
asiyeogopa moto, akiiokota, atairudisha kwa sababu gani?
Dwayne alitaja wanafalsafa watatu. Verna akachora duara.
Toivo akasema yeye aliwahi kuokota moja, kituo cha basi,
akaipeleka kwa miguu, maili mbili,
na mwenyewe hakumwambia hata asante.
"Nilikasirika wiki nzima," akasema. "Sina la kuongeza."

Januari akafa.
Koleo mkononi, akisafisha njia ya jirani,
hatua sita kabla ya ngazi.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Lake lilikuwepo: kiti, karibu na bomba,
hakuna aliyekikalia, wala aliyekubali kwamba anakikwepa.
Mtu akapendekeza dakika moja ya kimya.
Mwingine akasema kimya cha kusimama, vichwa chini,
kina harufu ya sala.
Basi tukae? Tuinue vichwa? Sekunde arobaini?
Wakapiga kura. Tano kwa tano.
Wakanigeukia. Nikasema mimi ni wa ufunguo.

Ndipo ngazi zikalia, akashuka Bi Agneta Solberg,
yule jirani, Mlutheri wa kuzaliwa hadi kuzikwa,
aliyemwombea Toivo kila Jumapili na kumwambia hivyo usoni,
na Toivo akimjibu, "Haya, na mimi nitakuondolea theluji."
Ana bakuli la tambi na njegere, limefungwa kwa taulo.
Akatafuta pa kukaa. Akakaa pale pale.

Hakuna aliyepumua.

Akasema: "Koleo lake liko kwangu.
Sijui nyinyi mnafanyaje mtu wenu akifa.
Sisi huleta chakula."

Wakala. Dwayne, kwa mazoea, alisubiri kitu kabla ya kijiko,
kisha akaanza tu.
Caleb akauliza, mdomo umejaa,
"Sawa. Kwa hiyo kesho tufanye nini?"
na sauti ikamkatikia kooni.

Ikapitishwa karatasi: zamu ya koleo, njia ya Bi Agneta,
kuanzia alfajiri.
Dwayne alitaka iandikwe "daima."
Verna akalikata neno kwa kalamu nyekundu,
akaweka "hadi Aprili, kisha tutathmini upya."
Ikapita bila kupingwa.

Saa tatu ilipita pia. Sikuisema.
Karatasi ilinifikia karibu na swichi ya taa,
Alhamisi bado tupu.

Nikaandika jina langu.
Si mwanachama.