Uzi Haushiki

Nimeshona miaka kumi na tisa hapa Ujiji,
kitambaa nakijua kwa kukikunja tu.
Kitenge cha kweli kinagoma kidogo,
cha uongo kinakubali kila kitu.
Na naijua shuka iliyoloweshwa jiki mara nyingi mno:
nyeupe, nyeupe hadi inaumiza macho,
ukipitisha sindano inaachia,
tundu linakuwa mlango.

Kwa hiyo daktari wa Maweni aliponiita pembeni,
akatafuta maneno, akasema,
"Dada, tumeshona mara mbili. Ngozi haishiki uzi,"
sikumwomba anifafanulie.

Siwatu, mdogo wangu,
ndoo ya bluu bado iko uani.
Mwiko ni wangu, ule wa kusongea ugali,
uliuazima Ijumaa moja, sikuudai tena.
Ulikoroga umejifunga khanga puani:
kopo lililovuka ziwa kutoka Kalemie,
lenye Kifaransa tulichokiamini kwa kuwa hatukukisoma,
tyubu isiyo na jina,
na ile sabuni ya kijani
iliyoigeuza pete yako ya dhahabu ikawa kijivu.
Ukasema sonara alikuibia.
Tukamtukana sonara wiki nzima.

Zebaki, kasema daktari.
Mimi zebaki nilidhani inakaa kwenye kipimajoto,
au kwa wachimba dhahabu huko mbali,
kumbe inalala chumba cha pili, shavuni kwako.

Walikuja, nawe ukawapimia kwa kijiko cha chai.
Bibi harusi wa Gungu, zikiwa zimebaki siku tisa.
Mwalimu wa Mwanga, na miwani yake ya jua.
Mama Kashindi, kila mwisho wa mwezi, bila kukosa.
Nyuso zikaitika, shingo zikaitika.
Vifundo vya vidole peke yake vilikataa,
vikabaki vyeusi
kama mashahidi waliorudisha rushwa.

Wala nisijifanye msafi.
Cherehani hii ulininunulia wewe,
kwa noti za elfu tano zilizonukia makopo.
Nilisema alhamdulillahi.
Sikuuliza.

Mama alitupaka mise tukang'aa,
tukanukia mise hadi darasani, wakatucheka.
Labda ilianzia pale.
Labda kwa yule bwana aliyesema
"mzuri, ila angetakata kidogo tu."
Sijui. Nguo ikishavaliwa
nani anaona uzi ulipoanzia?

Mtoto ametoka na rangi ya mama.
Ile ile! Hata masikio.
Muuguzi amekukataza kumshika
hadi unawe mpaka viwikoni.
Ukanawa. Ukanawa tena.
Ukaomba gwanji, sabuni ya kwetu, ukanawa nayo,
na mimi nikakuona unavyoyatazama yale maji
yanavyokwenda.

Juzi nimetoa makopo kumi na moja uvunguni kwako.
Nikayabeba hadi ziwani, gizani, kama mwizi.
Dagaa walikuwa wameanikwa,
mtoto wa mtu anachota maji ya kupikia.
Nikarudi nayo.
Chooni? Kisima cha jirani kiko hatua ishirini.
Nifukie? Nyuma ya nyumba kuna mihogo yetu.
Sumu uliyoinunua kwa pesa yako
haina hata pa kuitupa.
Yako hapa, chini ya cherehani,
mguu wangu unayagusa nikikanyaga.

Na asubuhi hii, hodi.
Mama Kashindi, mtandio hadi puani,
elfu tano imekunjwa mara nne.
"Siwatu hajaniachia kopo langu?"

Nilikuwa na hotuba. Imenitoka.
Nikamvutia kigoda, akaketi.
Nikaitoa ile shuka ya jiki kwenye mfuko wa viraka,
nikatunga uzi,
nikampa sindano mkononi.

Shona, nikamwambia.
Hapa. Vuta kidogo tu.