Kipimo cha Mwanzi

Nilifika Gaoxun na mvua ya Aprili,
begi la chuo mgongoni, kipimo cha mwanga mfukoni,
na barua ya Profesa Lu yenye mhuri mwekundu:
*Apewe ramani ya nyumba, ainakili.*

Fundi Yang Guangnian aliisoma, akaigeuza,
akasoma na upande wa pili, uliokuwa mtupu.
Kisha akapanda darini, akashuka na mwanzi,
nusu mwanzi, uliopasuliwa kwa urefu,
mrefu kuliko mlango, mweusi kwa moshi.
"Ramani," akasema.

Sikuona ramani. Niliona mikwaruzo ya wino,
herufi zilizokatwa vichwa na mikia,
nyayo za kuku kwenye tope lililokauka.
Kumbe nyumba nzima ilikuwa mle:
kila nguzo, kila tundu, hadi boriti ya kileleni,
zimelala ndani ya mwanzi mmoja
kama binamu kitanda kimoja siku ya msiba.

Siku tatu nilipima kwa mwanga wangu.
Nilipogeuza mita kuwa futi za mafundi
urefu ukaishia nane,
upana ukaishia nane,
hata kizingiti, nane.
Nikadhani chombo kimelowa.
Usiku, kwa tochi ya simu, nikazinyoosha nambari:
kumi na saba nukta nane ikawa kumi na nane,
na karatasi ikapendeza.

Alipoiona alicheka mpaka akakohoa.
"Binti, nane zangu umezitupa wapi?
Nani atalala nyumba isiyo na heri?"

Niliandika pia: *humu hamna msumari hata mmoja,*
kama wanavyoandika wote.
Si kweli. Upo mmoja.
Shi Naihua, mkewe, aliupigilia mwenyewe
atundike kalenda.

Lakini mengine yote yameshikwa na ulimi:
ubao huutoa, nguzo huumeza,
wala hapana gundi.
Niliuliza neno lake kwa Kidong.
Fundi akalisema. Nikalisema.
Naihua akaweka chini bakuli lake la chai:
nilikuwa nimesema *bata*.
Bibi yangu aliniogesha kwa lugha hii.
Nimebakiwa na matusi matatu na jina la uji.

Jioni ya nne ndipo nikauliza juu ya moto.
Jiko moja, upepo, nyumba arobaini na moja.
"Na mianzi?"
"Mwanzi hulala chini ya paa la nyumba yake.
Nyumba ikiungua, huungua nayo."
Akanyamaza, akachonga kitu kisicho na umuhimu.
"Basi nilijenga kwa kuuliza.
Mjane wa Wu nilimwuliza: ukitoka jikoni
uliinama kiasi gani? Akainama, pale pale majivuni,
hakuna mlango, yeye kainama.
Nikatia alama.
Mtoto wake: kutoka kitandani hadi ngazini, gizani,
hatua ngapi? Akafumba macho, akatembea.
Huyu hapa," kwa kidole, Naihua,
"alinyosha mkono hewani kuchukua chumvi.
Nikatia alama."

Naihua hakugeuka.
"Ukaniwekea rafu juu mno," akasema.
"Ulikuwa umevaa viatu vya watu."

Katika daftari langu kuna kichwa cha habari
nilichokipigia mstari mara mbili kabla ya safari:
*Muktadha wa utamaduni, kurasa mbili.*
Chini yake pana doa la mafuta ya chai
na alama ya mgongo wa mkono wangu.

Asubuhi basi lilichelewa.
Fundi alikuwa akilowesha ulimi wa ubao
uvimbe, ushike.
"Na kwenu Nanning," akauliza bila kuinua uso,
"usiku, ukiamka na kiu,
hatua ngapi mpaka kwenye maji?"

Ghorofa ya kumi na moja. Sikuwahi kuhesabu.
Nikafumba macho barazani kwake,
miguu ikaanza yenyewe,
nikapita kiti ambacho hakikuwepo.

"Tisa," nikasema.

Akatikisa kichwa.
"Sogeza kitanda."