Keria Tupu

Tangu lami ipite kule chini, bondeni,
barabara ya zamani imeachiwa mbuzi,
mvua,
na mimi.

Alfajiri Hamurwa bado imejifunika blanketi.
Ukungu umelala juu ya mafunjo, hauna mpango wa kuamka.
Naitoa baiskeli jikoni, natia upepo,
nabonyeza tairi kwa kidole gumba
kama nilivyokuwa nikibonyeza mapaja ya watoto
nikitafuta pa kuchoma sindano.

Miaka ishirini na sita niliupanda mlima huu
na kisanduku cha bluu kimefungwa nyuma kwa mpira,
chanjo ndani, barafu juu ya chanjo,
jua likinihesabia dakika.
Sikuwahi kuuona mlima.
Niliiona barafu tu, ikiyeyukia kichwani mwangu.

Leo keria ni tupu.
Changarawe zinanong'ona chini ya tairi. Hapana,
hazinong'oni, zinatafuna,
krr, krr, kama ng'ombe aliyepewa mahindi makavu.
Hapa udongo mwekundu, gurudumu linazama na kusitasita;
pale vijiwe vya mviringo, vinaniponyoka
kama maharage yaliyomwagika sakafuni;
mbele ya mikalitusi, mwamba mtupu,
mvua ya Machi imeusugua mpaka mfupa.
Hakuna honi. Hakuna lori la kunitemea vumbi.
Nasikia mnyororo wangu ukiomba mafuta
na, ng'ambo ya bonde, mtu akikohoa kwenye mtama.

Kilima cha kwanza nakipanda kwa gia ndogo,
cha pili kwa ubishi,
cha tatu nashuka nasukuma, wala sioni haya:
goti langu la kushoto lina umri mkubwa
kuliko la kulia.

Kwenye matuta ya viazi, Turyahikayo anainua kichwa.
"Musawo! Umetuletea nini?"
Sijaleta kitu.
"Basi unakwenda kuchukua nini?"
Sichukui kitu.
"Kuna mgonjwa?"
Hakuna mgonjwa, Turyahikayo. Natembea tu.
Anaegemea jembe. Mke wake naye anaegemea jembe.
Huku kwetu baiskeli isiyo na mzigo
ni chungu motoni kisicho na kitu ndani:
lazima mwenyewe ana jambo analoficha.

Namjua huyu. Kilo tatu na gramu mia mbili,
alinikojolea daftari mbele ya mama zake wote;
ukurasa ule ulikauka ukakunjamana
na namba zake zikasomeka kwa shida hadi nilipostaafu.
Sasa ana ndevu, na ananihurumia.

"Keria haipiti kwetu tupu," anasema,
"watu watasema tuna njaa."
Anachagua viazi vitano, anavipangusa kwa shati,
anavifunga kwa kamba ya mgomba,
fundo moja, la haraka,
la mtu ambaye mvua inamnyemelea.

Mpanda ngazi hushuka, watu husema wakisikitika.
Mpanda mlima hushuka pia,
na hiyo ndiyo karamu yake!
Naachia breki. Matuta yanakimbia kinyumenyume,
kijani, kahawia, kijani, moshi wa mtu, kijani,
machozi ya upepo yananipitia masikioni,
korongo wawili wenye taji wananitazama
kama wakaguzi waliotoka wilayani,
na mimi, bibi wa wajukuu wanne,
napiga ukelele usio na maneno
kwa sababu hakuna wa kuniuliza maana yake.

Kwenye kona ya mwisho fundo linalegea.
Kiazi kimoja kinadunda, kinanipita,
kinaongoza njia katikati ya barabara,
chekundu, kinene, hakina haraka ya kusimama.

Ningeweza kufunga breki.