Safu ya Kahawia

Mwezi wa kwanza, Pipeline, ghorofa ya sita:
tone la damu siku isiyo yake,
kama mgeni aliyekosea mlango,
akaomba radhi,
kesho akabisha tena.

"Vumilia miezi mitatu," alisema nesi Kwamboka,
"mwili nao husoma polepole."

Huu wa nne. Nimefika safu ya mwisho,
vile saba vya kahawia, rangi ya msumari wenye kutu.
Nangoja. Inakuja kiduchu, kama yenye haya,
pedi tatu, imekwisha.

Mama alikuwa akiuma mto,
siku nne Gikomba haendi,
bila kutaja kinachomuuma.

Nami leo, maji yamerudi mferejini,
nafua sketi nyeupe.
Nitaivaa kesho, Jumanne,
siku ile ile.