Dirisha la Tatu, Kasumulu

Bambo likazama ubavuni mwa gunia,
likatoka na punje thelathini, labda na tano.
Afisa akazinusa. "Wa Kyela?"
"Wa Kyela."
"Cheti cha uasili?"
Nikakichomoa kifuani, kimekunjwa mara nne,
kimelowa jasho.

Kalamu ikasimama kwenye kisanduku:
nchi ilikozalishwa bidhaa.
Kisanduku cha neno moja.

Nikamweleza, maana foleni ilikuwa fupi:
mbegu alinipa wifi yangu Tumpale, kaolewa Karonga,
kaifunga kwenye pindo la kanga.
Shamba la baba mkwe, marehemu.
Ila mwaka wa mafuriko
Songwe uliruka usiku,
tukaamka shamba liko ng'ambo,
mpunga umesimama vilevile,
haujui kitu.
Misimu miwili tukalima ugenini
kwa jembe lilelile.
Kisha mto ukarudi. Haukugongewa muhuri popote.

Akakuna kidevu.
"Mama Subilaga, mimi naandika neno moja tu."
"Andika, baba."
Muhuri ukalia paa!

Punje za bambo akazipangusia nje ya dirisha.
Jogoo akaja mbio
kutoka upande wa Malawi.